Mtambo Uliorudisha Pesa Yake

Makao Makuu
4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utasahau. Nakuandikia kwa karatasi na kumpa dereva wa gari la dawa kwa sababu mbili. Kwanza, barua pepe za ofisi zinasomwa na watu wengi kuliko gazeti. Pili, mimi na wewe kwenye simu hutaniana mpaka salio linakata, halafu lile lililotupigisha simu linabaki tumboni.

Lililo tumboni ni hili. Mwezi wa sita bodi ya hospitali zetu inakaa kusikia kama ule mtambo wa flashi wa kuhifadhia data niliowashawishi wanunue umerudisha pesa yake. Unakumbuka nilivyosimama mbele yao, mkuu wa fedha mpya, mwanamke peke yangu mezani, nikawaambia: "Ni ghali leo, lakini ndani ya miaka mitatu utakuwa umejilipa." Niliwaahidi chumba cha mitambo kitapungua, joto litapungua, umeme utapungua, na madaktari hawatakaa tena wakisubiri picha za wagonjwa zifunguke. Mwenyekiti akacheka, akasema, "Mama, tutakukumbusha." Sasa ananikumbusha kila wiki. Miaka mitatu inaisha mwishoni mwa Mei. Hesabu zikikaa sawa, hospitali nyingine tano zitanunuliwa mtambo kama huo, na mimi nitapewa kiti cha naibu mkurugenzi.

Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa umeme wa chumba chako. Bili imeshuka, lakini imeshuka kama mtu aliyeambiwa akae akachuchumaa. Yale makabati ya zamani ya diski za kuzunguka uliniandikia uliyazima mwaka wa kwanza, nami nikaiambia bodi hivyo hivyo. Sasa ni nini kinakula umeme? Chunguza unijibu.

Na Mama Mdogo ana nini? Nikipiga simu anasema maneno mawili halafu anakupa wewe. Mtu aliyetulea kwa mdomo wake kuliko kwa cherehani yake, leo ana maneno mawili?

Dada yako

*

Chumba cha mitambo
13 Februari

Shikamoo Dada,

Sikusahau. Barua yako imefika ikinukia dawa ya vidonda, dereva aliiweka kati ya maboksi.

Kuhusu umeme, nadhani ni viyoyozi. Vimezeeka. Nitaviangalia.

Mtambo wako unafanya kazi, hilo halina ubishi. Daktari akibonyeza jina la mgonjwa, picha za kichwa chake zinafunguka kabla hajainua kidole. Zamani alikuwa anatoka, anasalimiana na nusu ya wodi, anarudi, bado zinafunguka. Wanaotibu kwa mionzi ndio waliofaidi zaidi. Mipango yao yote, yaani ramani ya kila mgonjwa, mionzi ipite wapi na kwa nguvu gani, imo humo.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Diski za zamani zilikuwa na kelele. Moja ikitaka kufa inaanza kukwaruza mapema, kama mgonjwa anayekohoa, unajua umwahi. Hizi za flashi hazisemi. Chumba kimenyamaza, taa za kijani tu. Na zote zilitoka kiwandani pamoja, zikaingizwa pamoja. Flashi huchakaa kwa kuandikwa, Dada, kama soli ya kiatu kwa kutembea, na hizi zimetembea njia moja kwa mwendo mmoja. Kipimo cha uchakavu kinasoma karibu sawa kwa kila moja.

Wakala wa kiwanda alikuwa akitutumia maonyo na marekebisho kila mwezi. Tangu mwaka mpya kimya. Mkataba wa matunzo ulisainiwa upya? Nijibu hata kwa neno moja.

Mama Mdogo hajambo. Koo tu linamsumbua kidogo. Anakusalimu.

Mdogo wako

*

Chini ya sahani yako
14 Februari

Mwanangu,

Jana nilikuona unaandika, unafuta, unaandika, nikajua unamwandikia dada yako. Umemwambia? Kama umemwambia, hama nyumba hii ukalale na mitambo yako.

Uvimbe uko kooni mwangu, hauko kooni mwake. Akijua ataacha hicho kikao chake aje anikalie hapa akinihesabia vidonge, na baadaye atasema hanidai kitu, huku uso wake unanidai. Mwezi wa sita mionzi itakuwa imekwisha na nitamwambia mwenyewe, nikicheka. Daktari kasema umeonekana mapema, tena ni aina inayosikia dawa. Kinachotakiwa ni kutoruka siku. Nani aliruka siku katika nyumba hii? Nimeshona sare za shule nzima nikiwa na homa.

Leo nimepimwa kinyago. Wanalainisha plastiki kwenye maji ya moto, wanaibandika usoni, ikikauka inakuwa sura yako kabisa, mpaka pua. Kazi yake ni kukubana usitikisike mionzi ikipita. Yule binti wa mionzi aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia nguo ya kubana niliivaa ujanani, tena kwa hiari.

Umeniahidi. Chakula kiko jikoni, pasha.

Mama yako mdogo

*

Makao Makuu
27 Februari

Mdogo wangu,

Viyoyozi hivyo nilivinunua mimi mwaka juzi. Havijazeeka, labda wewe.

Mambo ya mkataba niachie. Wewe tazama mashine, mimi natazama karatasi, ndivyo tulivyogawana tangu utoto: wewe ulifungua redio, mimi nikatafuta nani atainunua.

Namtuma fundi wetu wa umeme, yule tunayemwita Mita kwa sababu hata kantini huingia na kipimo chake mfukoni. Atapita hapo kabla ya katikati ya Machi. Kama kuna mtu anachaji simu za mtaa mzima kwa umeme wa hospitali, atamkuta.

Najua unaniona nakuwinda. Siyo wewe. Mwenyekiti ameanza kuniambia "tutaona" mahali ambapo zamani alikuwa akisema "vizuri". Nimebakiwa na tundu moja tu katika hesabu zangu na liko chumbani kwako. Nisaidie kuliziba.

Nimempelekea Mama Mdogo kitambaa cha bluu, dereva anacho. Mwambie ajishonee mwenyewe safari hii, asigawe.

Dada yako

*

Chumba cha mitambo
9 Machi

Shikamoo Dada,

Diski moja imekufa wiki iliyopita. Haikutoa dalili yoyote. Ilikuwepo, halafu mtambo ukasema haipo. Diski ya akiba ikaingia mahali pake, nikashukuru. Jana imekufa ya pili, na ya akiba hakuna tena.

Nielewe vizuri hapa. Mtambo umepangwa uvumilie diski mbili kukosekana. Zikikosekana tatu, kila kilichomo kimepotea, maana kila faili limekatwa vipande na kutawanywa kwenye diski zote.

Nimempigia wakala aniletee diski. Akaniambia, "Hospitali yenu haimo kati ya wateja wetu wa sasa." Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia vizuri.

Dada, maana yake nini?

Halafu nakuomba usimtume Mita. Kuna jambo nitakueleza mwenyewe, uso kwa uso, si kupitia mtu mwenye kipimo.

Mdogo wako

*

Makao Makuu
10 Machi

Kwako,

Mita amenipigia leo mchana akiwa mlangoni kwako. Najua barua hii itapishana na nyingine uliyoandika. Sitaki kujua ina nini.

Ameniambia nyuma ya mitambo mipya kuna ukuta wa mbao. Nikamuuliza, ukuta wa nini, akasema, "Mama, ukuta wa kuficha. Nyuma yake makabati ya zamani yanawaka." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Nimeweka mkono. Yanatetemeka."

Miaka mitatu. Uliniandikia umeyazima, nikasimama mbele ya bodi nzima nikasema yamezimwa. Kila mwezi nilikaa na bili ile nikitafuta kosa langu. Nilidhani nimekosea kujumlisha. Niliwashuku walinzi. Nilimshuku mpaka mpishi wa wodi.

Makabati hayo nimeyapatia mnunuzi zamani, nilikuwa namwambia asubiri utaratibu tu, kumbe utaratibu ni wewe. Lori lake litakuja. Yazime, yafungue, yapakie.

Mkuu wa Fedha

*

Nyumbani
17 Machi

Dada,

Shikamoo. Umesaini kwa cheo, nami nakujibu kwa udugu, nitukane ukitaka.

Ni kweli niliyaficha. Kila jioni nakala ya kazi ya siku nzima inatoka kwenye flashi na kuingia kwenye makabati yale ya zamani. Ni mazee, ni mapole, yanakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga, lakini yana nakala. Ulipopanga hesabu zako uliandika mtambo mmoja. Nilikuambia siku ile tunahitaji mahali pa pili pa kuweka nakala, ukasema pa pili pataongezwa mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata ukasema unaofuata. Nikaona kubishana na wewe ni kupigana na mvua. Nikajenga ukuta. Ningepaswa kubisha zaidi. Nilijua utanishinda, ndiyo maana nikachagua kukudanganya.

Lori lilikuja Jumamosi nikalirudisha. Nimemwambia dereva hatujapata vifaa vya kufungulia. Hatarudi mara ya pili bila barua yako.

Nakuomba mambo mawili tu. Acha makabati yawake mpaka diski mpya zije. Na uniambie kuhusu mkataba, kwa sababu wakala ameangalia vizuri.

Ningekuwa na ruhusa ya kukuambia kila sababu inayonifanya nikose usingizi, usingebishana nami hata kidogo. Sina ruhusa. Niamini tu.

Mdogo wako

*

Makao Makuu
26 Machi

Mdogo wangu,

Nimekasirika mpaka hasira imechoka. Sasa nisikilize.

Mkataba sikuusaini. Januari wakala alileta bei mpya ya matunzo. Walijua tumeshahamia nyumba yao, wakapandisha kodi. Ningelipa, faida yote niliyoahidi ingekwenda kwao, na mbele ya bodi mtambo ungeonekana haujarudisha kitu. Nikaamua kuruka miezi michache. Juni mosi hesabu zimefungwa, nasaini siku hiyo hiyo. Mtambo ambao haujawahi kuugua hauwezi kukaa bila daktari hadi Juni? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu unaweza.

Sikukuambia kwa sababu ungeng'ang'ania, na mimi ningelegea.

Diski mbili nimeagiza kwa mfanyabiashara mwingine. Zitafika mwisho wa Aprili. Wewe mwenyewe unasema mtambo unavumilia mbili kukosekana, na sasa imekosekana moja. Nafasi ipo.

Lakini makabati lazima yaondoke. Mnunuzi ameshalipa, na pesa yake iko ndani ya hesabu. Mita ameandika ripoti na nakala imekwenda kwa Mwenyekiti. Yakikutwa yanawaka tena, hatutakuwa na wa kututetea, si wewe wala mimi. Nimemwandikia Mganga Mkuu wa hospitali yenu barua rasmi asimamie mwenyewe.

Hiyo sababu usiyoruhusiwa kunieleza, kama ni mwanamke, nakupa baraka. Kama ni deni, niambie.

Dada yako

*

Nyumbani
7 Aprili

Mwanangu malkia wa fedha,

Kitambaa nimekipata. Bluu yake inanipendeza mpaka nimejionea wivu. Nimekikata lakini sijakishona, siku hizi nachoka mapema. Ni uzee, usianze.

Usione sipigi simu. Koo limekauka na sauti imekwenda matembezi. Mdogo wako anasema nikiongea nafanana na mlango usiotiwa mafuta.

Nakuandikia kwa ajili yake. Majuzi amerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Anasema wamepakia makabati kwenye lori, na Mganga Mkuu alisimama na tai yake akihesabu. Nikamuuliza, sasa si umepumzika? Alikaa kitini, chakula mbele yake, akitazama ukuta kama anayesubiri ukuta uanze kusema. Tangu siku hiyo simu ikilia anaruka. Mlango ukigongwa anaruka. Jana kijiko kimeanguka jikoni, kijiko tu, nikamwona ameshasimama.

Sijui mmegombana nini, na sitaki kujua mambo ya mashine. Ila usimkaripie. Huyu mtoto akinyamaza ndipo anapoumia, umsahau vipi wewe uliyemlea pamoja nami?

Mimi sijambo. Kila asubuhi natembea na mdogo wako mpaka kazini kwake, narudi peke yangu kabla ya jua kali. Mazoezi, daktari anasema ni mazuri.

Mama yako mdogo

*

Makao Makuu
21 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna anayepokea simu. Si wewe, si Mama Mdogo, si ofisi ya Mganga Mkuu. Hapa wanasema tu "mtambo umesimama" na wanafunga milango wakiongea.

Diski zilizokosekana ni ngapi? Niambie ni mbili.

Kuna kitu gani kimebaki? Mnunuzi bado ana yale makabati, sivyo? Nimempigia, naye hapokei. Mpe dereva barua hata ya mstari mmoja. Nimemwambia angoje mlangoni kwako.

Dada

*

Karakana ya kuokoa data
25 Aprili

Dada,

Dereva hakunikuta. Niko mji mwingine, nimekuja kwa basi na diski zote kwenye sanduku, nimelipakata mapajani njia nzima. Niandikie huku.

Ilikuwa mchana, watu wamejaa. Ikafa moja. Sikupata hata muda wa kuinuka, ikafa nyingine. Na ile ya Machi ndiyo ya tatu. Taa za zilizobaki ziliendelea kuwa za kijani. Nesi wa mapokezi alinipigia akasema kwa upole, "Kaka, majina ya wagonjwa yamepotea kwenye skrini yangu." Halafu maabara. Halafu chumba cha upasuaji, daktari akiuliza kundi la damu la mtu aliyekwisha kulala mezani. Huyo alipona, walimpima upya. Mbele ya dirisha la dawa watu walianza kuambiwa waeleze wenyewe wanakunywa dawa gani, na wengi wanajua rangi tu.

Nilikwenda kwa mnunuzi mbio. Nilimkuta uani, diski zetu za zamani zimerundikwa, kila moja ina tundu katikati. Akashangaa kuniona nazigeuza moja moja. "Si wewe uliyeagiza zitobolewe?" Ni kweli, ni mimi. Data za wagonjwa haziuzwi zikiwa nzima, ndiyo sheria, na nilisaini kwa mkono wangu siku lori lilipoondoka.

Sasa nitakuambia lile nisiloruhusiwa. Kaa chini.

Mama Mdogo ana saratani ya koo. Tangu Machi anatibiwa kwa mionzi hapa kwetu. Yale matembezi ya asubuhi ndiyo hayo. Alinikataza kukuambia mpaka upate kiti chako. Kila jioni nilipokuwa nahamisha nakala kwenye yale makabati, ramani ya shingo yake ilikuwamo.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye benchi pamoja na wenzake, kila mtu na kadi yake. Binti wa mionzi alitoka, macho mekundu, akawaambia leo hawataweza. Mama Mdogo akamwambia kwa ile sauti yake iliyobaki, "Mwanangu, ninayo kadi. Mnajua nimekuja mara ngapi."

"Idadi tunaijua, Mama. Hatujui ilipita wapi."

Wataanza upya: picha mpya, kinyago kipya, ramani mpya, kwa kila mgonjwa, na mashine ya kupiga picha ni moja. Nilimuuliza daktari wake itachukua muda gani. Akasema wiki tatu wakijitahidi. Nikamuuliza, na uvimbe? Akasema, "Uvimbe hausubiri foleni."

Nenda nyumbani. Mimi siwezi kutoka hapa. Fundi wa huku anasema huenda akapata kitu, na kila akisema "huenda" namletea kiti akae aendelee kutafuta.

Mdogo wako

*

Ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi
12 Mei

Kwa Mkuu wa Fedha,

Pole sana na kuuguliwa. Likizo yako ya kumuuguza mama yako nimeiidhinisha bila kusita, na familia yangu inamwombea.

Nimesoma pia taarifa mpya uliyonitumia badala ya ile ya awali. Kwa heshima, nakushauri uiondoe. Bodi iliuliza swali moja: je, mtambo umerudisha pesa yake ndani ya miaka mitatu? Kwa hesabu zako mwenyewe, baada ya makabati kuuzwa na umeme kushuka, jibu ni ndiyo. Yaliyotokea Aprili ni janga. Janga lina fungu lake, nalo ni fungu la dharura, na haliingii kwenye hesabu ya faida. Tukianza kuchanganya mafungu, hakuna kitu kitakachoonekana kina faida hapa duniani.

Kuhusu mkuu wa chumba cha mitambo, nafahamu ni ndugu yako, na nafahamu jambo hili ni gumu kwako. Ripoti inaonyesha alikaidi agizo kwa kuendesha mitambo ya nakala kwa siri. Inaonyesha pia kwamba siku ya tukio hakuwa na nakala. Yote mawili yameandikwa kwenye jalada lake. Amesimamishwa kazi.

Kiti cha naibu mkurugenzi bado kinakungoja. Nisingependa kukiona kikikosa mtu.

Mwenyekiti

*

Nyumbani
20 Juni

Mdogo wangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba wameokoa majina na hawajaokoa picha. Nimeyafikiria majina hayo siku nzima. Mengine wenyewe tulishawazika.

Jana nilikwenda kwenye kikao. Mama Mdogo hawezi kuachwa peke yake sasa, uvimbe ulikua wiki zile za kusubiri, kwa hiyo nilikwenda naye. Alivaa ile nguo ya bluu. Niliimalizia mimi, kwa mishono yangu ya kupinda, naye akaitazama mishono, akanitazama, akaamua kunisamehe. Nilimkalisha kwenye korido, kwenye kiti karibu na mlango, nikamwachia maji.

Niliwasomea taarifa ya kweli. Niliwaambia mtambo ni mzuri, na kwamba hata leo ningewashauri waununue. Lakini wanunue na mahali pa pili pa nakala, na matunzo ya kila mwaka, na wasimdai yeyote miaka mitatu, maana ukiweka vyote hivyo pesa inarudi baada ya miaka sita au saba. Niliwaambia nilivyofanya Januari, na kwamba ndugu yangu aliniambia ukweli mara mbili nikamjibu kwa cheo. Niliwaambia ni wagonjwa wangapi walirudishwa kutoka kwenye benchi lile.

Walisikiliza vizuri. Hakuna aliyenikatiza. Mjumbe mmoja aliandika kitu, na nilipopita nyuma yake nikaona amechora nyumba. Nilipomaliza walinishukuru kwa uaminifu wangu. Kisha Mwenyekiti akasema taarifa zote mbili zimepokelewa, na kwa kuwa muda ni mfupi wajumbe wataongozwa na ile fupi ya awali. Wakapiga kura. Hospitali zote tano zitanunuliwa mtambo, mmoja mmoja, kwa mpango ule ule. Kijana mmoja wa ofisini niliyemfundisha kazi ndiye atakayesimamia fedha. Aliniuliza kwa adabu kama nitampa faili langu la hesabu za mwanzo, zinampendeza jinsi zilivyopangwa.

Barua yangu ya kujiuzulu niliiacha mezani. Hakuna aliyeigusa nikiwa bado mle ndani.

Mwenyekiti alinisindikiza mpaka kwenye korido. Ni mtu wa heshima, hilo siwezi kumnyima. Alipomwona Mama Mdogo aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Shikamoo Mama. Unaendeleaje? Wanakuhudumia vizuri?"

Mama alimtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, ule mkono umo bado mikononi mwake. Mwenyekiti alitabasamu, akangoja, tabasamu likaanza kumchosha, akaniangalia mimi kama anayeuliza amekosea nini. Nadhani aliona ni dharau. Hakujua kwamba Mama hana tena sauti ya kumjibu, na mimi sikumwambia.

Daktari ametuita sote watatu Jumatatu asubuhi. Amesisitiza tuwe watatu. Njoo.

Dada yako